Hati za Papa, Jembe na Ardhi ya Taji: Mjadala juu ya Uhalali wa Madai ya Wakoloni

Madai ya mataifa ya Ulaya juu ya ardhi ya watu wengine hayakuwahi kutegemea bunduki peke yake. Kila dola iliyotwaa nchi ilitaka pia ionekane kuwa na haki ya kuitwaa, mbele ya Mungu iliyemwabudu, mbele ya dola shindani zilizokuwa zikiinyemelea nchi ileile, na mbele ya mahakama zake zenyewe, na kwa ajili hiyo iliwatumia wanatheolojia kwanza na wanasheria baadaye. Hoja zao zilijengeka kwa karne nyingi, kuanzia hati za Papa za zama za kati hadi hukumu za mahakama za kikoloni za karne ya 20, na karibu zote zilifika katika pwani ya Afrika Mashariki na bara lake, zikaacha alama ambazo bado zimo katika sheria za ardhi.

Mjadala unaofuata unazipanga hoja hizo katika vinywa vya wasemaji watatu. Mtetezi anasema yale yaliyosemwa kweli na waliotetea madai ya Ulaya, tena kwa nguvu yake yote, kwa kuwa hoja iliyolegezwa mapema haifundishi kitu inaposhindwa. Mpinzani anamjibu kwa kutumia vitabu na hukumu za Ulaya kwenyewe. Mwenyeji anawasemea wale waliokuwa wakilima, wakichunga na kuzika wafu wao juu ya ardhi iliyokuwa ikibishaniwa bila wao kuitwa. Wasemaji hawa si watu fulani waliopata kuishi, na pale inapohitajika hukumu ya mwandishi, inatolewa kati ya zamu zao.

Mtetezi: Elimu ya Kanisa la zama za kati ilimhesabu Papa kuwa mrithi wa Petro na mchungaji wa wanadamu wote, si wa Wakristo pekee. Katika karne ya 13 mwanasheria wa Kanisa aliyejulikana kama Hostiensis alifundisha kwamba tangu kuja kwa Kristo mamlaka ya kidunia yaliondoka mikononi mwa wasioamini yakahamia kwa waamini, hivyo asiyeutambua ukuu wa Kanisa hawezi kudai utawala wala milki. Ni katika mtazamo huo kwamba Papa Nicholas V alimpa Mfalme Afonso V wa Ureno, kwa hati za mwaka 1452 na 1455, ruhusa ya kuwavamia na kuwatiisha Waislamu na wapagani, kuchukua nchi na mali zao, na kuwatia katika utumwa wa daima. Na mwaka 1493 Papa Alexander VI akawapa wafalme wa Hispania nchi alizozifikia Columbus na zile ambazo zingefikiwa baadaye upande wa magharibi, ili wakazi wake waletwe kwenye imani. Mwaka uliofuata, katika Mkataba wa Tordesillas, Ureno na Hispania zilikubaliana juu ya mstari wa kugawana bahari na nchi zilizokuwa zikifunguliwa. Kwa macho ya zama zile huo ulikuwa wajibu, kwa maana roho za watu zilikuwa hatarini, na mfalme aliyekabidhiwa kazi ya kuziokoa alistahili kukabidhiwa pia nyenzo za kuifanya.

Mwenyeji: Watu wa pwani hawakupata habari za hati hizo, ingawa ziliwahusu. Nicholas V alipokuwa akizitia muhuri, msikiti mkuu wa Kilwa ulikuwa umekwisha kusimama kwa karne kadhaa, masultani wa mji huo walikuwa wamekwisha kutoa sarafu zao wenyewe, na Ibn Battuta alikuwa amekwisha kuutembelea, mwaka 1331, akausifu. Hiyo haikuwa nchi isiyo na dini, isiyo na sheria, wala isiyo na mtawala. Hata hivyo, Vasco da Gama aliporudi Lisbon mwaka 1499, Mfalme Manuel alijitwalia cheo cha bwana wa ushindi, wa safari za bahari na wa biashara ya Ethiopia, Uarabuni, Uajemi na India, na mwaka 1505 kikosi cha Francisco de Almeida kiliiteka Kilwa, kisha kikaipora na kuichoma Mombasa. Malindi, ambako sultani aliwapokea Wareno kwa urafiki na kuwapatia rubani wa kuwavusha hadi India, bado ipo nguzo ya mawe yenye msalaba, ya aina ile ambayo Wareno waliisimamisha pwani baada ya pwani ili iwe ushahidi kwamba mfalme wao ametangulia kufika. Mwenye mji aliupokea ugeni, na mgeni akaandika dai.

Mpinzani: Bwana Mtetezi ameitaja sauti moja ya Kanisa na kuziacha nyingine zenye uzito zaidi. Papa Innocent IV, aliyefariki mwaka 1254 na ambaye mwenyewe alikuwa mwanasheria mashuhuri, alikuwa amekwisha kufundisha kwamba milki na utawala ni vitu ambavyo Mungu aliwapa wanadamu wote, wenye imani na wasio nayo, kwa hiyo kutoamini peke yake hakumwondolei mkulima shamba lake wala mfalme nchi yake. Papa Paul III, kwa hati ya mwaka 1537 iitwayo Sublimis Deus, alitangaza kwamba wakazi wa Amerika ni wanadamu kamili na kwamba hawapaswi kunyimwa uhuru wala mali zao hata kama wako nje ya imani ya Kristo. Miaka miwili baadaye Francisco de Vitoria, mtawa wa shirika la Wadominiko na profesa wa theolojia katika Chuo Kikuu cha Salamanca, aliwaeleza wanafunzi wake kwamba Papa si bwana wa dunia, kwamba Kaisari naye si bwana wa dunia, na kwamba ugunduzi haumpi mgunduzi haki yoyote juu ya nchi yenye wenyewe, kama vile wakazi wa Amerika wasingepata haki juu ya Hispania lau wao ndio wangevuka bahari na kuifikia. Hoja hiyo ya mwisho haijapata kujibiwa.

Mtetezi: Lakini Hispania haikuingia vitani kiholela. Tangu mwaka 1513 vikosi vyake vilitakiwa, kabla ya kushambulia, kuwasomea wenyeji tangazo lililotungwa na mwanasheria Juan López de Palacios Rubios, lijulikanalo kwa Kihispania kama Requerimiento. Tangazo hilo lilieleza habari za uumbaji, za Petro na za Papa aliyeitoa nchi yao kwa wafalme wa Hispania, likawataka waukubali utawala huo kwa amani, na likawaonya kwamba wakikataa, vita, utumwa na vifo vitakavyofuata vitakuwa kosa lao wenyewe. Hivyo kila mtu alipewa nafasi ya kuchagua.

Tangazo hilo linastahili kutazamwa zaidi ya jambo jingine lolote katika sehemu hii ya mjadala, kwa sababu linaonyesha wazi namna dini na sheria zilivyofungamanishwa. Lilisomwa kwa lugha ya Ulaya mbele ya watu wasioielewa, na wakati mwingine lilisomwa mbali na kijiji kilichokuwa kikiviziwa au mahali ambapo wakazi walikwisha kukimbia, huku mthibitishaji wa hati akiandika kwamba masharti yote yametimizwa. Las Casas, atakayetajwa hivi punde, alisema kwamba alipolisoma hakujua kama acheke au alie. Hata hivyo lilitimiza kazi liliyokusudiwa, kwa kuwa wasikilizaji wake wa kweli hawakuwa wale waliosimama mbele ya msomaji. Walikuwa maofisa na wanazuoni wa Hispania, ambao walihitaji karatasi ya kuthibitisha kwamba damu ilimwagika kihalali. Tabia hii ya kuandika hati kwa jina la mwenyeji huku ikikusudiwa macho ya wenzao wa Ulaya ndiyo iliyodumu kuliko hoja yoyote ya imani, na ilirudi tena Usagara, katika Afrika Mashariki, miaka zaidi ya 370 baadaye.

Mwaka 1550 Mfalme Charles V aliamuru vita vya kutwaa nchi mpya katika Amerika visimamishwe hadi wanazuoni watoe rai kama vilikuwa halali, na katika mji wa Valladolid, mwaka huo na uliofuata, watu wawili walisikilizwa na baraza la wanatheolojia na wanasheria. Juan Ginés de Sepúlveda, aliyekuwa bingwa wa falsafa ya Aristotle, alitoa sababu nne za kuhalalisha vita: kwamba wenyeji walitenda dhambi kubwa za kuabudu sanamu, kwamba kwa maumbile yao walikuwa watu duni waliopaswa kutawaliwa na wenye akili zaidi, kwamba kuwatiisha kungerahisisha kuhubiriwa kwao, na kwamba ilikuwa lazima kuwaokoa wasio na hatia waliokuwa wakitolewa kafara. Bartolomé de las Casas, askofu wa zamani wa Chiapas aliyeishi miaka mingi ng'ambo, alimjibu kwa kusoma utetezi wake siku tano mfululizo, akishikilia kwamba watu wenye miji, wafalme, sheria na sanaa hawawezi kuitwa watumwa kwa maumbile, na kwamba imani inayoletwa kwa upanga si imani. Baraza halikutoa uamuzi wa pamoja unaojulikana, na unyang'anyi wa ardhi uliendelea.

Mwenyeji: Katika ukumbi wa Valladolid walioshindana walikuwa Wahispania wawili, na waamuzi walikuwa Wahispania. Tena, Mwafrika hawezi kulisikia jina la Las Casas akanyamaza, kwa kuwa huyo aliyewatetea wakazi wa Amerika ndiye aliyependekeza katika miaka yake ya mwanzo kwamba watumwa weusi wapelekwe huko ili wenyeji wapumzishwe. Alijuta baadaye, na aliandika majuto yake katika historia yake ya Amerika, lakini pendekezo lenyewe linaonyesha jinsi haki ya watu fulani ilivyoweza kutetewa kwa kuwasahau wengine.

Mpinzani: Hilo ni kweli, na liko jingine ambalo wanaomsifu Vitoria hulipita haraka. Baada ya kuzibomoa hoja za Papa na za ugunduzi, alijenga hoja mpya: kwamba kila taifa lina haki ya kusafiri, kufanya biashara na kuhubiri katika nchi za wengine, na kwamba mwenyeji anayezuia haki hizo kwa nguvu anaweza kupigwa vita. Mlango wa mbele ulifungwa, na wa uani ukaachwa wazi.

Ni kwa mlango huo wa uani kwamba madai ya karne za baadaye yaliingia. Dola za Kiprotestanti, Uingereza na Uholanzi zikiwa mbele, hazikuweza kutegemea hati za Papa ambaye zilikwisha kumkana, kwa hiyo zilihitaji hoja nyingine, na hoja hiyo ilipatikana katika kazi ya mikono.

Mtetezi: Kitabu cha Mwanzo kinaeleza kwamba Mungu alimwagiza mwanadamu aijaze nchi na kuitiisha. John Locke, katika kitabu chake juu ya utawala kilichochapishwa mwaka 1689, alifafanua kwamba dunia ilitolewa kwa wanadamu wote kwa pamoja, na kwamba mtu hujipatia sehemu yake kwa kuichanganya na kazi yake; anayelima na kuzungushia ua amejitengea milki, na anayewinda au kuzurura juu ya ardhi bila kuiendeleza hajapata kuimiliki. Emer de Vattel, mwanasheria wa Uswisi, aliongeza mwaka 1758 kwamba makabila yanayohamahama hayawezi kudai eneo kubwa kuliko yanavyoweza kulitumia, wakati watu wa Ulaya wamebanana katika nchi zao. Kuiacha ardhi nzuri ikae bure ni kuwadhulumu wenye njaa.

Mpinzani: Locke alikuwa katibu wa wamiliki wa koloni la Carolina kabla ya kuandika hayo, kwa hiyo nadharia yake haikuzaliwa mbali na maslahi. Na lipo jibu la zamani zaidi yake. Katika miaka ya 1630 mchungaji Roger Williams aliwaambia walowezi wenzake wa Massachusetts kwamba wenyeji wa Amerika huyatumia mapori yao kwa uwindaji na huyasafisha kwa moto, sawasawa na mabwana wa Uingereza wanavyohifadhi mbuga na misitu ya kuwinda, na kwamba hakuna aliyewahi kusema mbuga ya mfalme ni mali ya yeyote atakayeingia na jembe. Williams alifukuzwa katika koloni hilo, na madai yake juu ya ardhi yalikuwa miongoni mwa makosa aliyoshtakiwa. Kanuni inayomfunga mnyonge na kumwacha bwana haiwezi kuitwa sheria ya maumbile.

Mwenyeji: Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na hakuna mwenyeji wa pwani wala wa bara aliyepata kuelewa kwamba mgeni aliyepewa jembe amepewa na shamba. Wakikuyu walikuwa na utaratibu kamili wa jambo hili: ardhi iliyoitwa githaka ilikuwa ya ukoo, yaani mbari, na mtu asiye wa ukoo aliweza kukaribishwa kulima kama muhoi, akavuna alichopanda kwa miaka mingi bila ardhi kugeuka kuwa yake. Uchagani kihamba, yaani shamba la ukoo, hurithiwa katika ukoo, na mipaka yake hupandwa masale, ambayo kila mtu huyatambua na kuyaheshimu. Wamaasai nao waliyaacha malisho fulani yapumzike wakati wa mvua ili yawafae wakati wa kiangazi, na kuyaacha huko kulikuwa sehemu ya kuyatumia. Ardhi iliyolazwa, ardhi ya malisho ya akiba na ardhi ya makaburi zote zilionekana tupu machoni pa mtu aliyepita mara moja. Zaidi ya hayo, miaka ya 1890 ilikuwa ya maafa: sotoka iliteketeza ng'ombe, kisha ndui na njaa ya mwaka 1898 na 1899 vikaua watu wengi na kuwafanya wengine wahame kwa muda. Walowezi walipofika muda mfupi baadaye waliyakuta mashamba yaliyogeuka vichaka, wakaandika kwamba nchi haina mwenyewe.

Hapa mjadala unafika Berlin, ambako wawakilishi wa mataifa 14 walikutana kuanzia Novemba 1884 hadi Februari 26, 1885, bila Mwafrika hata mmoja mezani. Hati yao ya mwisho ilifunguliwa kwa jina la Mungu Mwenyezi. Kifungu cha 6 kiliwafunga kulinda wamisionari na kupiga vita utumwa, yaani zile sababu za kuhubiri na kuokoa zilizotajwa na Sepúlveda, zikiwa zimevalishwa maneno ya upole zaidi. Na vifungu vya 34 na 35 vilitaka dola itakayotwaa sehemu mpya ya pwani iyaarifu mataifa mengine na iwe na mamlaka ya kutosha mahali hapo, sharti lililokuja kuitwa ukaliaji wa dhahiri. Taarifa ilitakiwa ipelekwe kwa mataifa mengine yaliyotia saini. Kwa wenye nchi haikutakiwa.

Mtetezi: Wenye nchi waliulizwa, na waliridhia. Mjerumani Carl Peters hakutwaa Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami kwa vita. Mwishoni mwa mwaka 1884 alifanya mikataba na watawala wa huko, akiwemo Mangungo wa Msovero, ambaye kwa hati ya Novemba 29 aliitoa nchi yake na haki zake zote milele. Kwa msingi wa mikataba hiyo Kaisari Wilhelm I alitoa hati ya ulinzi Februari 27, 1885.

Mwenyeji: Hati ya Msovero iliandikwa kwa Kijerumani. Mtawala wa Kisagara hakuwa na uwezo wa kuuza nchi milele, kwa kuwa nchi haikuwa mali yake binafsi, bali aliishika kwa niaba ya walio hai na waliotangulia. Alichoweza kutoa ni ukaribisho na urafiki. Sayyid Barghash wa Zanzibar alipopinga kwamba nchi hizo ni zake, alijibiwa kwa manowari za Ujerumani zilizotia nanga mbele ya kasri lake Agosti 1885. Hata yeye, ni haki kusema, alidai bila kuwauliza Wasagara.

Mpinzani: Na yafuatayo baada ya hapo ndiyo yanayoiangusha hoja yote. Novemba 26, 1895 amri ya Kaisari ilitangaza kwamba ardhi yote ya Afrika Mashariki ya Kijerumani isiyo na mwenyewe ni Ardhi ya Taji, isipokuwa pale ambapo watu binafsi, machifu au jumuiya za wenyeji wangeweza kuthibitisha haki yao; mzigo wa ushahidi ukawekwa mabegani mwa watu ambao desturi zao hazikutumia hati. Mwaka 1884 mtawala wa Kiafrika alihesabiwa kuwa mmiliki kamili hata aweze kuitoa nchi nzima kwa hati moja. Miaka 11 baadaye watu wake walihesabiwa kuwa hawana hakika ya kumiliki hata shamba wanalolilima. Asiyeweza kumiliki hawezi kuuza, na aliyeweza kuuza alikuwa akimiliki. Madai ya Ujerumani yalihitaji mambo yote mawili yawe kweli kwa pamoja.

Mtetezi: Uingereza ilifuata sheria kwa uangalifu zaidi. Baada ya kuitangaza Himaya ya Afrika Mashariki mwaka 1895, ilitaka ushauri wa wanasheria wake wakuu, ambao mwaka 1899 walieleza kwamba katika himaya isiyo na serikali iliyoimarika, Taji linaweza kuitawala ardhi iliyo wazi na isiyokaliwa. Kutokana na ushauri huo ilitungwa Sheria ya Ardhi ya Taji ya mwaka 1902, iliyowezesha walowezi kupangishwa ardhi kwa miaka 99, na ile ya mwaka 1915, iliyofikisha muda huo miaka 999. Wamaasai walihamishwa kwa makubaliano, si kwa amri.

Mwenyeji: Makubaliano ya mwaka 1904, yaliyofanywa kati ya Kamishna Sir Donald Stewart na wazee wa Kimaasai wakiongozwa na laiboni, yaani kiongozi wa kidini, Olonana, yaliwaondoa Wamaasai katika malisho bora ya Bonde la Ufa na kuwapa Laikipia na eneo la kusini kwa ahadi kwamba yatadumu maadamu Wamaasai wapo duniani. Yalidumu miaka saba. Mwaka 1911 mkataba mpya uliwataka waiache Laikipia, na kiongozi wa Kimaasai Legalishu pamoja na wenzake walipokataa, walikodi wakili na kwenda mahakamani.

Uamuzi wa shauri hilo, lililoamuliwa mwaka 1913 kwanza katika Mahakama Kuu na kisha katika rufani, ni miongoni mwa hukumu zenye madhara makubwa zaidi katika historia ya ardhi ya Kenya. Majaji walisema kwamba himaya si sehemu ya milki ya Mfalme, hivyo Wamaasai si raia wake bali ni watu wa nchi ya kigeni. Mikataba yao na Serikali ni mikataba kati ya mataifa. Na kitendo cha taifa dhidi ya taifa jingine hakiwezi kuhojiwa na mahakama za ndani. Wamaasai walipewa heshima ya kuitwa taifa ili wanyimwe nafasi ya kusikilizwa, na ng'ombe wao wakaendelea kuswagwa kuelekea kusini. Nchi ilipofanywa koloni mwaka 1920 na wakazi wake wakageuka kuwa raia wa Mfalme, haki ilitarajiwa ipatikane kwa njia hiyo mpya. Badala yake Jaji Mkuu Barth aliamua mwaka 1921, katika shauri la Wakikuyu wawili, kwamba sheria ya 1915 na amri za kuanzisha koloni zimeziondoa haki zote za githaka, na kwamba Waafrika wote waliomo katika maeneo yao ni wapangaji wa Taji wanaoweza kuondolewa Taji likitaka.

Mpinzani: Mwaka huohuo wa 1921 Baraza la Mfalme mjini London, lililokuwa ngazi ya mwisho ya rufani kwa makoloni, liliamua katika shauri la Amodu Tijani, chifu wa Lagos, kwamba nchi inapoingia chini ya utawala mpya haki za jumuiya juu ya ardhi zinabaki, na kwamba mwanasheria wa Kiingereza asizipime kwa vipimo vya sheria ya kwao. Mfalme alikuwa mmoja, na sheria iliyodaiwa kutumika ilikuwa moja. Tofauti ilikuwa hali ya hewa na maslahi: nyanda za juu za Kenya ziliwafaa walowezi wa Kizungu, na Lagos haikuwafaa.

Katika hoja hii mwandishi anakubaliana na Mpinzani bila kusita, na ushahidi zaidi upo karibu. Mwaka 1930 sheria ya amana ya ardhi za wenyeji iliyahifadhi maeneo yao kwa ahadi ya kudumu milele. Dhahabu ilipopatikana Kakamega, sheria hiyo ilirekebishwa Desemba 1932 ili watu waweze kuondolewa kupisha uchimbaji bila kupewa ardhi nyingine ya badala. Sheria ambayo hubadilika kila mara mnyonge anaposhinda haitoi haki. Inatoa muda tu.

Mtetezi: Hata kama misingi ilikuwa mibovu, muda umepita. Hati zimeuzwa na kurithiwa, mataifa huru yamezipokea, na kufukua kila dai la zamani kutavuruga nchi zisizo na kosa.

Mpinzani: Mahakama Kuu ya Australia ilifukua mwaka 1992, katika shauri la Mabo, ikaikataa dhana kwamba nchi hiyo ilikuwa ardhi isiyo na mwenyewe, na Australia haikuvunjika. Makao makuu ya Kanisa Katoliki yenyewe yalitamka Machi 30, 2023 kwamba yanaikana kanuni ya ugunduzi na kwamba hati za karne ya 15 hazikuonyesha ipasavyo usawa wa wanadamu. Na Tanzania ilikwisha kulikabili swali hili kwa namna yake: mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilikataa hoja ya Serikali kwamba wanaomiliki kwa mila hawana mali bali ruhusa tu ya kukaa, ikaamua kwamba haki ya mila ni mali inayolindwa na Katiba, kwani bila hivyo wananchi walio wengi wangekuwa wavamizi katika nchi yao wenyewe.

Jaji Nyalali aligusa jambo ambalo Mtetezi na wapinzani wake wengi hulikwepa. Hoja ya kwamba mwananchi hukaa juu ya ardhi kwa hisani ya dola ilitungwa ili kumnufaisha mlowezi, lakini mlowezi alipoondoka haikuondoka naye. Ilihama kutoka kwa Taji hadi kwa serikali ya wananchi, ikabadili jina la mwenye mamlaka na kuacha kiini chake. Kuzilaani hati za Nicholas V ni jambo jepesi kwa msomaji wa leo. Kazi ngumu ni kuzisoma sheria za ardhi zinazotumika sasa na kuuliza ni wapi bado zinamtaka mwenyeji athibitishe kwa karatasi kile ambacho ukoo wake umekijua kwa vizazi.

Mwenyeji: Waogiek wa msitu wa Mau waliuliza. Msitu wao ulitwaliwa na Serikali ya kikoloni, ukarithiwa ukiwa mali ya Serikali huru, nao wakaondolewa mara kwa mara kwa jina la hifadhi. Mei 26, 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba Kenya imekiuka haki zao, na Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya 157,850,000 na ardhi yao ya asili ipimwe na kupewa hati ya pamoja. Novemba 2023 familia za Waogiek ziliondolewa tena katika eneo la Sasimwani, kaunti ya Narok, na nyumba zao zikabomolewa.